Mwamuzi wa Upande wa Mume

Zamani mlango ulikuwa na pazia, na pazia lilikuwa na heshima yake. Mgeni alisimama nje, akakohoa kidogo, akapiga hodi, akangoja. Akikaribishwa aliingia. Asipojibiwa alirudi alikotoka bila kinyongo, maana hakuna aliyeapa kumfungulia. Siku hizi mlango ni wa chuma na kufuli ni mbili, lakini mtu anaingiliwa mpaka mfukoni. Mpelelezi wa zamani ilimbidi ainame kwenye tundu la ufunguo, mgongo umuume, angalau apate taabu kwa dhambi yake. Wa leo hujilaza kitandani akapeleleza kwa kidole gumba.

Bi Pazia alizijua zama zote mbili. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa cherehani cha kukanyaga kilichokwisha kubanduka rangi pale kiganja kinapoegemea. Pazia la Bi Pazia ulilijua kwa pindo. Alikunja mara mbili, akapiga pasi kabla ya kushona, na upande wa ndani ulikuwa safi sawa na wa nje. Wateja walipoanza kununua mapazia ya plastiki yanayokuja yamefungwa kwenye mifuko, hakubadilisha pindo lake. Alisema, "Anayeangalia upande wa ndani ni mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyelipa."

Kurani alisomeshwa na baba yake. Tafsiri alijisomesha mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, akisoma huku pasi inapata moto. Tangu alipofiwa na mumewe, wanawake wa mtaa walikuja kwake kila Alhamisi alasiri, wakaketi juu ya mkeka kati ya majora ya vitambaa, naye akawafundisha. Hakuwa mtu wa kukariri tu. Kila aya aliiuliza ilishuka kwa nani, lini, na watu wale walikuwa na shida gani. Baada ya hapo ndipo aliigeuza uso kuelekea mtaani.

Siku aliyofundisha aya ya hodi, ile inayokataza kuingia nyumba za watu bila ruhusa na salamu, aliwaeleza kisa chake kama walivyokisimulia wanavyuoni: mwanamke alilalamika kwamba yumo ndani mwake, katika hali asiyopenda kuonwa na mtu, na watu wa nyumbani wanamwingilia tu.

"Hakulalamikia mlango," alisema Bi Pazia. "Alilalamikia kuonwa. Basi popote mtu anapojisitiri, pana hodi yake. Barua ina hodi. Simu nayo ina hodi."

Mke wa kinyozi, mwanamke mnene mwenye kicheko kisichojua msiba wala harusi, akanyoosha mkono. "Bi, na ya mume wangu je? Mimi sivunji kitu. Anapolala nakishika kidole chake mwenyewe nakigusisha pale, simu inafunguka. Si kanifungulia yeye?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Ukimshika bawabu aliyelala," Bi Pazia akajibu, "ukamvuta mkono ukafungulia mlango, utasema umekaribishwa?"

"Nitasema bawabu mvivu!"

Walicheka mpaka sindano zikamwagika mezani. Bi Pazia naye alicheka. Hayo yalikuwa maneno ya mkekani, na maneno ya mkekani hayana uzito mpaka yapate mtu wa kuyabeba.

Mtu huyo alikuwa mwanawe mwenyewe. Fundi umeme, kijana hodari, mwepesi wa ngazi na mwepesi wa hasira. Aliishi na mkewe katika vyumba viwili vya nyuma. Mke alikuwa muuguzi, mara zamu ya mchana, mara ya usiku, na zamu hizo ndizo zilizokuwa mwiba. Talaka ya kwanza ilitoka siku mume aliporudi akakuta nyumba imefungwa na sufuria imepoa. Ya pili ilitoka kwa jambo ambalo hata yeye baadaye hakuweza kulieleza. Zote mbili walirejeana. Alizitumia talaka zake kama mtu anayewasha viberiti kuona kama vimelowa, na sasa kilibaki kimoja. Kila mtu katika nyumba ile alijua: akiitamka ya tatu, hakuna kurudi.

Ijumaa moja, baada ya sala, kelele zilisikika kutoka nyuma. Bi Pazia alifika akamkuta mwanawe ameinua simu ya mkewe juu, kama mtu anayemnyima mtoto andazi.

"Fungua!"

"Sifungui."

"Kama huna la kuficha, fungua!"

"Ninalo la kuficha," mkewe alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Ila si lako wala si langu. Nipe simu yangu."

"Sikilizeni! Anakiri!" Mwanawe akageuka rangi. "Basi leo nakuapia, mwanamke wewe..."

Bi Pazia alimziba mdomo kwa kiganja. Alimziba kweli, kwa mkono wenye harufu ya pasi, kama alivyomziba utotoni alipotaka kutukana wakubwa. "Neno hilo halitoki leo," alisema. "Litoke kesho kama lazima. Leo halitoki."

Aliitwa imamu wa mtaa, kijana aliyerudi masomoni juzi juzi, mpole, mwenye kupima maneno. Mjomba wa mke naye aliitwa, mwashi mzee, ndiye aliyemlea. Imamu akakumbusha aya ya waamuzi: mkihofia mume na mke kufarakana, wekeni mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke.

"Upande wa mke nipo mimi," mjomba alisema. "Upande wa mume?"

"Wanaume wa ukoo ni akina nani?" imamu aliuliza.

"Baba yake yuko kaburini," Bi Pazia alijibu. "Baba yake mdogo yupo, lakini hajui hata kama mkwe huyu ni mrefu au mfupi. Wamewekwa jamaa kwa sababu jamaa ndio wanaojua ya ndani. Ya ndani ya nyumba hii nayajua mimi."

Imamu alisita. Alisema vitabu vingi vimetaja wanaume. Alisita tena, akamtazama mke, akamuuliza kama anaridhika mama mkwe wake awe mwamuzi.

"Naridhika," mke alisema. "Na simu akae nayo yeye mpaka tukutane. Mimi namwamini mama."

Wakapatana kukutana kesho yake baada ya alasiri. Mwanawe akaiweka simu mezani kwa kishindo, karibu na mkasi, akatoka.

Asubuhi ya Jumamosi Bi Pazia alikaa kushona pazia la mteja, na simu ikawa chini ya kitambaa cha kijani. Mwanawe aliingia bila salamu, akaketi juu ya jora.

"Mama."

"Salamu imekushinda?"

"Shikamoo. Mama, dakika moja tu. Mimi sitaigusa. Ifungue wewe, uangalie wewe. Kama hamna kitu, niambie hamna, nami nitaomba radhi mbele ya mjomba wake. Nitambusu miguu."

"Na kama kimo?"

"Si bora nijue?"

"Nilipewa niitunze, sikupewa niisome."

"Wewe umekuwa wa nani?" Alisimama. "Mwamuzi wa upande wangu ni nani hapa? Nimezaliwa na nani mimi?"

"Na mimi. Ndiyo maana nakwambia kaa chini."

Hakukaa. Mlangoni aligeuka. "Ile alama ya kufungulia unaijua. Sote tunaijua. Anaichora mbele yetu kila siku."

Aliondoka. Bi Pazia alikanyaga cherehani, akashona pindo, akagundua ameshona pembeni ya mstari wa pasi. Alianza kufumua. Hapo simu ikatetemeka chini ya kitambaa. Ikatetemeka muda mrefu, ikanyamaza, ikaanza tena. Alifunua. Palikuwa na namba bila jina.

Mwanawe alisema kweli. Alama aliijua. Unashuka, unakata kulia, unapanda. Kidole chake cha shahada, kilichozoea kufuata mstari wa chaki juu ya kitambaa, kilikuwa tayari juu ya kioo. Alitaka kujua. Hapo ndipo alipopatwa na hofu, kwa sababu hakutaka kujua kwa ajili ya mwanawe tu. Alitaka kujua kwa ajili yake mwenyewe, na alitaka kwa kiu kali, kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji.

Simu ikanyamaza. Akaifunika, akaweka pasi baridi juu yake, akaenda kutawadha ingawa adhuhuri ilikuwa bado.

Baada ya alasiri walikaa katika chumba hicho hicho. Imamu alikaa kwenye kiti cha wateja. Mjomba alikaa kwenye benchi la kukatia, vumbi la saruji kwenye kucha. Mke alikaa mkekani akiegemea ukuta, bado na sare ya kazini. Mume alisimama karibu na mlango, akakataa kiti. Simu ilikuwa katikati ya meza.

Mjomba alijaribu kuichekesha baraza. "Mimi nimejenga nyumba za watu hawa wote. Ukuta ukipasuka naangalia msingi. Hawa wanataka tuangalie rangi."



"Semeni kila mtu lake," imamu alisema. "Mume aanze."

"Langu ni fupi. Mke wangu anaongea na mtu kwa siri. Simu ile pale. Ifunguliwe, tumalize."

"Mke?"

"Kazini kwangu watu hunieleza mambo ambayo hawajawaeleza mama zao. Wengine hunipigia nikiwa nyumbani kwa sababu hawana pa kupiga. Nikiifungua mbele yenu, nimemvua nguo mtu ambaye hayupo. Mnaweza kuniamini au mnaweza kukataa. Sifungui."

"Umesikia hiyo lugha, imamu?" Mume alicheka kicheko kikavu. "Mtu hayupo! Mama, si wewe unayefundisha watu hapa kila Alhamisi? Si umesoma aya ya habari? Ikiwajia habari, chunguzeni, msije mkawadhuru watu bila kujua. Chunguzeni! Nataka kuchunguza, mnanikataza. Mnataka niache kuchunguza nimdhuru bila kujua? Haya, nitafanya hivyo. Ninalo neno moja limebaki, na ni langu."

Mke alifumba macho. Mjomba akaweka mkono juu ya bega la mpwa wake. Imamu alifungua kinywa, lakini Bi Pazia alimtangulia.

"Ngoja," alisema. "Umeileta aya, tuisome yote. Hukuisoma ilikoshukia."

"Haya, ilishukia wapi?"

"Mtu alitumwa kwa kabila fulani kuchukua zaka. Watu wale walisikia anakuja, wakatoka kumlaki. Yeye alikuwa na uhasama nao wa zamani, kabla ya Uislamu. Alipowaona kwa mbali wametoka wengi, akaogopa. Hakuwafikia, hakuwauliza. Akageuza mnyama wake akarudi, akasema wamekataa zaka na wametaka kumuua. Ikabaki kidogo watu wale waendewe kwa vita. Unaelewa alileta nini? Hakuleta habari. Alileta hofu yake, akaivika nguo ya habari."

Imamu alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Basi aya inaposema chunguzeni," Bi Pazia akaendelea, na sauti yake ikapata nguvu ile ya Alhamisi, "haisemi mvunje mlango wa anayesemwa. Kupelelezana kumekatazwa katika sura hiyo hiyo, mbele kidogo tu. Inakutaka umrudie aliyeleta. Umuulize: ulifika? Uliona kwa macho? Una ugomvi gani na mtu huyu? Uchunguzi unaanza mdomoni mwa mleta habari. Sasa na mimi nakuuliza, mwamuzi wa upande wako: nani alikuletea?"

Mwanawe aliinua macho kwenye taa ya dari.

"Mfanyakazi mwenzako? Jirani? Mtaje, tumwite hapa hapa."

"Mama, acha."

"Mtaje! Mtu anataka kuvunja nyumba ya watu halafu ajifiche?"

"Ni wewe."

Cherehani kiliwahi kukatika mkanda siku moja katikati ya mshono, miguu ikaendelea kukanyaga hewa. Ndivyo alivyokaa Bi Pazia. Midomo ilikuwa bado imeshika umbo la neno lililofuata.

"Ni wewe, mama," mwanawe alirudia, safari hii kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Nilikuwa nafunga taa hii hapa juu, niko kwenye ngazi. Ukaniambia, 'Mkeo siku hizi ana simu za jikoni, mlango umeegeshwa. Mwanamke mwenye simu ya jikoni, muangalie.' Ukaendelea kushona. Mimi sikulala tena tangu siku hiyo."

Mke alifumbua macho. Hakumtazama mumewe. Alimtazama mama mkwe wake, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Dada," mjomba alisema kwa sauti ya chini, "ni kweli?"

Palikuwa na njia za kutokea. Angeweza kusema alitania. Angeweza kusema mama yeyote angesema hivyo, na mama wengi wangemtetea. Imamu mwenyewe, kwa huruma, alikuwa ameanza kusema kwamba neno la mzazi wakati mwingine ni nasaha.

"Si nasaha," Bi Pazia alimkata. "Imamu, mimi si mwamuzi tena. Niandike shahidi, na uniulize kama shahidi."

"Hapana haja, Bi..."

"Niulize."

Imamu akakubali. "Uliona nini?"

"Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Sikuwa napita, nilisimama. Nilimsikia anasema, 'Usimwambie mtu kwanza.' Basi. Sikujua anaongea na mwanamume au mwanamke, mzima au mgonjwa."

"Na mengine?"

"Mengine niliyatia mwenyewe."

"Kwa nini?"

Swali hilo aliliuliza mke. Bi Pazia alitafuta jibu jema, hakulipata, akatoa lililokuwepo. "Kwa sababu alipokuoa wewe aliacha kunieleza mambo. Nilikuwa nahofia nimebaki mshonaji tu katika nyumba yangu."

Nje, mtu alipita akiburuta kiroba. 

Mume alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa unabadilika badilika. Aibu ikimpata mtu wa aina ile hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kama hasira. Alivuta pumzi. Wote waliisikia ile pumzi, na wote walijua inachobeba.

"Sema," mkewe alimwambia. Alisimama. "Sema uimalize. Nimechoka kuishi nikitazama mdomo wako. Kila nikichelewa kazini najiuliza leo ndiyo leo. Sema, mashahidi hawa hapa."

"Mwanangu, nyamaza," mjomba alinong'ona.

"Asinyamaze!" Bi Pazia alisema. "Lakini wewe," akamgeukia mwanawe, "ukisema, jua umesema kwa neno la nani. Si lake, ni langu."

Mume alimtazama mama yake, akamtazama mkewe.  Halafu mikono ikaachia fremu, akatoka. Hatua zake zilisikika zikikata ua, lango likagongwa.



"Hakusema," mjomba alisema hatimaye.

"Hakusema," imamu akathibitisha, na akafuta uso kwa kanzu. "Ndoa ipo."

Lakini ndoa kuwepo na nyumba kuwepo ni mambo mawili. Mke alikwenda vyumba vya nyuma, akarudi na begi dogo. Alisema atakaa kwa mjomba wake kwanza, na imamu akaona ni sawa. Aliiendea meza akachukua simu yake. Hakuikagua.

"Mama, nilikupa hii kwa sababu niliamini hutaifungua."

"Sikuifungua."

"Najua," alisema. "Hukuihitaji."

Akamfuata mjomba wake.

Watu wa leo wangesema mwanamke yule alimkosea adabu mkwe wake. Wale wa zamani, waliojua adabu ina pande mbili, wasingesema hivyo.

Kabla ya magharibi mwanawe alirudi. Bi Pazia alikuwa anafumua lile pindo la asubuhi, uzi mmoja mmoja. Mwanawe akaketi juu ya jora, akaweka mikono kati ya magoti. Alikaa hivyo mpaka mwanga ukawa hautoshi kuona uzi, na hakuna kati yao aliyeinuka kuwasha taa.

"Mama."

"Naam."

"Pale jikoni. Alivyosema 'usimwambie mtu'. Sauti yake ilikuwaje?"

Bi Pazia aliacha kufumua. Basi hata sasa. Hata baada ya yote yale, neno lake lilikuwa bado linatembea ndani ya kichwa cha mtoto huyu, likigonga kuta, na yeye aliyelitoa hakuwa na namna ya kuliita lirudi. Alijua akisema ilikuwa laini, mwanawe hatalala. Alijua akisema ilikuwa kali, hatalala pia.

"Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka," alisema, na hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo kweli aliyoiacha nyuma siku ile ya ngazi.

Mwanawe aliinamisha kichwa. "Kesho nitakwenda kwa mjomba wake."

"Kufanya nini?"

"Sijui."

"Basi usiende mpaka ujue."